Jiwe Nililoliosha

Mtu ninayetaka kumweleza hapa alikuwa mtunza maabara wa shule moja ya sekondari mjini Sumbawanga, na mimi ndiye niliyemharibia jiwe lake. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu, wengine sasa wana vyeo, waliomwita mwongo kwa miaka mingi kutokana na kazi ya mikono yangu, na ningependa walisome hili kabla hawajachoka. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sizijui vizuri na sitazibuni. Nilimjua nikiwa mpangaji wake katika mtaa wa Izia, katika chumba cha uani ambacho mlango wake ulitazamana na jiko la mkewe. Nitasema yale yaliyoonekana kutoka mlangoni hapo.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya ualimu wa biolojia, ambayo niliitia kwenye fremu na kuitundika ukutani siku ya kwanza. Aliingia kunikabidhi ufunguo, akaitazama kwa muda, nikangoja anipongeze.

"Huo ukuta una unyevu, Mwalimu," alisema. "Karatasi haitamaliza masika mawili."

Ilimaliza moja. Kuvu ilianzia kwenye muhuri.

Alikuwa mtu wa kuhifadhi vitu. Kazini alitunza vyura, vinyonga na samaki kwenye chupa za fomalini, akizijaza kila maji yalipopungua, na nyumbani aliendelea na kazi hiyohiyo bila mshahara. Kila kopo la jikoni lilikuwa na kibandiko chenye herufi kubwa: CHUMVI, IMEFUNGULIWA JUMATATU. MBEGU YA ULEZI, USIGUSE. Mkewe hakuhitaji vibandiko hivyo. Alijua chumvi kwa kopo lake. Lakini alimwachia, na akipika ugali wa ulezi alikuwa akivisoma kwa sauti kama tangazo la redio, kumchekesha. Mumewe hakucheka. Alisahihisha tarehe.

Hata hivyo mtu huyohuyo alidanganya kuhusu umri wake kila alipoulizwa, na si kwa kupunguza tu, mara nyingine aliongeza, kutegemea aliyekuwa akiuliza. Alidanganya kuhusu mgongo wake uliomuuma. Alimwambia padri kwamba alikuwa na mafua Jumapili ambayo mimi nilimwona akichuja tope. Ila katika daftari lake la majaribio sikuwahi kukuta neno lisilo kweli. Nililisoma lote baadaye, nikitafuta hasa neno la namna hiyo, kwa sababu ningefarijika kulipata.

Shangazi yangu wa Mbeya, aliposikia nimepangiwa Sumbawanga, alinifungia Agano Jipya dogo ndani ya soksi na kuniagiza nisile kwa watu. Nilimcheka, mimi msomi. Wiki ya pili nilitoka kupiga mswaki nikakuta nyuma ya jiko ndoo saba za plastiki zimepangwa mstari, kila moja na kifuniko na jiwe juu yake. Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye ya nne, mkono umezama hadi kiwikoni kwenye tope jeusi, akitoa kitu taratibu kama mkunga. Kilikuwa samaki, au kilichobaki cha samaki. Nilirudi chumbani nikalitafuta lile Agano Jipya.

Majirani, ambao ni Wafipa na wasiotishwa na sifa za uchawi wanazopewa na watu wa mbali, walilalamikia harufu tu. Mama mmoja wa nyumba ya pili alipita akasema, "Baba, leo wafu wako wameamka mapema." Naye akajibu, "Ni wa ndoo ya pili. Nimewaambia wanyamaze."

Siku ile nilimuuliza anafanya nini. Hakuwa hodari wa kueleza. Alianza katikati, akarudi mwanzo bila kukwambia amerudi, na ukimkatisha alinyamaza dakika nzima. Lakini nilichokipata, baada ya miezi, ni hiki.

Mifupa kugeuka jiwe haikumshangaza. Mifupa ni migumu, inangoja. Kilichomsumbua ni nyama: ngozi, jicho, tumbo, vitu ambavyo bakteria huvimaliza kwa siku chache. Inawezekanaje kitu kilichopaswa kuisha kabla ya Jumapili kiache alama kwenye jiwe kwa mamilioni ya miaka? Ndipo alipoanza kununua perege wabichi waliopandishwa kutoka Ziwa Rukwa na kuwazika kwenye ndoo. Ndoo moja ilikuwa na maji matupu. Nyingine mchanga. Nyingine tope jeusi la dimbwini, lile linalonuka hata bila samaki. Nyingine tope hilohilo na majani yaliyooza juu yake ili hewa isipite. Alifungua moja baada ya nyingine kwa siku alizozipanga, akachora alichokiona.

Katika maji, samaki alivimba, akapasuka, akasambaa. Katika mchanga alibaki mifupa. Katika tope lisilo na hewa alikaa muda mrefu zaidi, na ngozi ilikuwa bado na mpangilio wa magamba wakati tumbo limeshakuwa uji.

"Kuoza ni kazi," alipenda kusema. "Uliza nani yuko kazini." Alikuwa na maana kwamba bakteria wa penye hewa hufanya kazi hiyo upesi na kuimaliza, na wale wa pasipo hewa hufanya polepole, na wanapokula hubadilisha maji yaliyowazunguka, hadi madini yaliyomo huanza kuganda palepale walipo. Kwa hiyo wale wanaoimaliza nyama ndio pia, ikibahatika, wanaoijengea umbo la jiwe. Tope lifunike mapema, hewa ikatike, madini yawahi. Yakichelewa kidogo tu, hakuna kitu.

Nilimwambia kwamba chuoni tulifundishwa hivyo. Haikuwa kweli. Chuoni tulifundishwa ukurasa mmoja juu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda kufuatilia mkopo.

Jambo lingine kumhusu: hakula samaki. Dagaa wa Kasanga walipoletwa nyumbani alihama meza. Mkewe alisema si kwa sababu ya ndoo. Alikuwa hivyo tangu amuoe. Mtu anayeweza kukaa saa nzima na mkono ndani ya perege wa wiki tatu alishindwa kukaa karibu na sahani ya dagaa wa kukaanga kwa nyanya. Nilimuuliza sababu, akasema, "Wale wa ndoo sitakiwi kuwameza."

Sasa jiwe. Alilipata kabla sijamjua, kwenye mteremko wa kushukia bonde la Rukwa, mahali ambapo mvua ilikuwa imekata ukingo na kuacha tabaka nyembamba za tope la kale lililokauka kuwa jiwe. Lilipasuliwa na maji likafunguka kama kitabu, na ndani kulikuwa na samaki mrefu kama kiganja. Alikuwa na mifupa yote, na kuzunguka mifupa, alisema, kulikuwa na ngozi, jicho na tumbo.

Swali lake kubwa lilikuwa moja: ile nyama imekuwa nini? Aliona njia mbili. Huenda ilibaki yenyewe, imebanwa na kuchakaa hadi ikawa utando wa kaboni, mfano wa masizi chini ya sufuria. Au huenda iliondoka yote, na nafasi yake ikachukuliwa na madini, chokaa kwa mfano, yaliyogandishwa na wale bakteria wa ndoo ya nne. Ikiwa ni masizi, ndoo zake zilikuwa mchezo. Ikiwa ni chokaa, zilikuwa zinasema kweli. Tone moja la asidi lingemwambia, kwa sababu chokaa hutoa povu na masizi hayatoi. Tone hilo hakulidondosha. "Kupima ni kula," alisema. Aliandika barua kwenye chuo kikuu kimoja, akaeleza jiwe kwa kurasa sita, akaomba waje wenye vyombo visivyokula.

Jiwe aliliweka mahali ambapo kila mama wa Ufipa anaweka mbegu: kwenye kichanja juu ya mafiga, ambako moshi hufukuza wadudu na unyevu haufiki. Kwa mbegu ni sahihi. Kwa jiwe pia ni sahihi. Ila chochote kinachokaa pale miaka miwili hushuka kikiwa kimevaa masizi, na mpangaji msomi aliyekionea mlangoni hawezi kujua lipi ni la jikoni na lipi ni la kale.

Barua ilijibiwa. Wageni wangekuja Alhamisi. Siku tatu kabla yake nyumba iligeuzwa juu chini, kama inavyofanywa huku mgeni wa heshima akitarajiwa: kuta zikapakwa upya, vitambaa vya viti vikafuliwa na kutiwa wanga, vikombe vikasuguliwa kwa majivu, uani pakafagiwa mara mbili kwa siku. Kila mtu alisafisha kitu. Mimi sikuwa na cha kusafisha, nikaona aibu kukaa.

Jumatano mchana nilirudi kutoka shuleni, nyumbani hakuna mtu. Jiwe lilikuwa mezani, limeteremshwa kichanjani, limelazwa juu ya taulo. Hapo kabla nilikuwa nimeonyeshwa mara moja, kwenye kiza cha jikoni. Sasa nililiona kwenye mwanga: mifupa mizuri ajabu, na kuizunguka doa jeusi lisilopendeza, kama alama ya mkono wa mpishi. Neno "nyama" nilikuwa nimelisikia kwake mara mia, lakini nilidhani anazungumza kwa mafumbo, maana ndivyo tunavyodhani sisi tuliosoma tunapomsikia mtunza maabara. Nikakumbuka kwamba wataalamu husafisha visukuku kwa asidi hafifu. Nilikumbuka nusu ya somo hilo. Nusu nyingine, nadhani, ilieleza wakati wa kutofanya hivyo.

Nikachukua siki ya mama mwenye nyumba, aliyokuwa akilowekea pilipili, nikachukua na brashi ya kufulia. Baada ya nusu saa samaki aling'aa. Nilimrudisha juu ya taulo, nikaenda mtaa wa Chanji kunyoa nywele, ili nami niwe msafi.

Mzee alirudi jioni akiwa amechoka, akaona jiwe lipo, akalifunika. Hakuligeuza.

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja mwenye buti na lenzi shingoni, na kijana wa kumbebea mizigo. Mama huyo alikuwa mpole. Aliinamia jiwe muda mrefu, akasema, "Mifupa mizuri sana, Mzee. Ngozi uliyoandika iko wapi?"

Mzee alisogea. Alilichukua jiwe akaligeuzia dirishani. Akaligeuza tena. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na nywele zangu mpya, nikamwona anavyotafuta, na hapo nikaelewa nilichofanya.

"Ilikuwepo," alisema.

"Unayo picha?"

Alikuwa na mchoro katika daftari. Mama yule aliutazama kwa heshima na kusema kwamba mchoro ni mzuri. Waliondoka na jiwe, wakaandika baadaye kushukuru kwa samaki wa kawaida. Sikusema kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio kazini, na nilijiambia nitasema Ijumaa.

Kwenye chumba cha walimu habari ilifika kabla ya chai. Mwalimu wa hesabu, mtu wa kwetu Mbeya, alikuwa wa kwanza. "Mzee, hebu tuletee basi hata supu ya hilo jiwe."

"Meno yako hayaliwezi," Mzee alimjibu, akaendelea kuosha mirija.

"Lakini nyama si ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Likawa jina lake. Wanafunzi waliliokota kwa walimu, na kila kitu kilichopotea shuleni, chaki, mpira, mwalimu wa zamu, mtu alisema "ilikuwepo" na darasa likaanguka kucheka. Mkuu wa shule alilitumia kwenye kikao. Mimi nilicheka mara moja, kidogo, ili nisionekane.

Lakini shuleni hapakuwa pabaya zaidi. Pabaya zaidi palikuwa kwenye ukuta wa chumba changu, ambao haukuzuia sauti.

"Mama, nani ameliosha?" Mzee alimuuliza mkewe.

Mkewe aligongagonga sufuria.

"Nauliza tu. Nani ameliosha?"

Aliuliza Alhamisi, aliuliza Ijumaa, akauliza Jumamosi asubuhi kabla hajanawa uso. Hakupaza sauti. Jumamosi ile mkewe alijibu, "Ni mimi. Niliona masizi." Nilikuwa nimekaa kitandani, chini ya shahada yangu yenye kuvu. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua nne. Nilisikia Mzee akisema "Haya," na tangu siku ile hakuweka tena kitu chake kichanjani mwa mkewe. Alivihamishia vyote stoo, akafunga kufuli, na ufunguo akautia mfukoni. Aliendelea kumheshimu, aliendelea kumchotea maji mgongo ulipomruhusu. Kufuli tu.

Nilihama baada ya mwaka, kwa uhamisho niliouomba mwenyewe. Ndoo zilikuwa bado zipo, sasa kumi na moja.

Tangu hapo nimeishi kwa kuandika makala kuhusu makosa ya watu wengine. Ni kazi rahisi kuliko ualimu. Mwaka jana, mwezi wa sita, nilipita Sumbawanga kwa shughuli nyingine, na niligundua kwamba nimevaa koti na kuanza kutembea kuelekea Izia bila kuwa nimeamua. Ilikuwa baada ya mavuno. Mahindi yalikuwa yametandazwa uani, na mama alikuwa amekaa juu ya kigoda akipukuchua. Mzee alikuwa juani na sweta mbili. Amepungua. Macho yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu," alisema Mzee, kana kwamba nimetoka sokoni. "Umenenepa. Nyumba ile unayokaa haina unyevu?"

Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mzuri, wenye aya tatu. Nikasema, "Mzee, lile jiwe nililiosha mimi."

Mikono ya mama ilisimama juu ya gunzi.

"Rudia," Mzee alisema. "Sema kwa sauti, naye asikie."

"Lile jiwe nililiosha mimi, siku moja kabla ya wageni. Mama hakuligusa. Nilisikia anajitwisha lawama, nikanyamaza."

Mzee alimgeukia mkewe. "Wewe ulisema ni wewe."

"Ulikuwa unauliza kila siku," mama alisema. "Na mimi nilikuwa na mahindi ya kupukuchua."

"Ulijua ni nani?"

"Siki ilikuwa yangu. Ilirudi nusu." Aliendelea na gunzi lake. "Alikuwa mtoto wa watu, yuko ugenini. Angekwenda wapi?"

Mzee alianza kusema na mkewe kwa Kifipa, polepole, maneno mengi, akitazama chini kwenye mahindi. Kifipa changu kinaishia kwenye salamu, na nilifurahi kwamba kinaishia hapo. Mama alimjibu neno moja. Akavuta pumzi, akachukua gunzi jingine, na nikaona anajifuta pua kwa upande wa kiganja.

"Pole, Mama," nilisema.

"Haya," alisema. "Utakula?"

Nilidhani yameisha. Lakini Mzee alikuwa amesogeza kiti, karibu kabisa, magoti yake yakigusana na yangu.

"Siki, Mama anasema."

"Siki, Mzee."

"Na sabuni?"

"Sabuni baadaye. Kwanza siki peke yake."

"Ulimimina juu ya jiwe kavu?"

"Kavu."

"Ikawaje?"

Nikaanza kusema kwamba ilisafisha, nikakoma. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimekumbuka aibu, sikuwa nimekumbuka jiwe. Nililazimika kulirudia: beseni, taulo, harufu ya pilipili. "Ilitoa povu," nilisema.

Mama aliacha kupukuchua.

"Povu la siki yenyewe, kabla ya sabuni?"

"Kabla. Dogodogo, kama la soda. Nilidhani ni uchafu unatoka."

"Likatoka wapi? Jiwe lote?"

Nilifumba macho. "Hapana. Kwenye doa tu. Nilimwagia na pembeni, pembeni hapakuwa na kitu. Mifupani pia hapakuwa na kitu."

"Una hakika na pembeni?"

"Nina hakika, kwa sababu nilishangaa kwamba uchafu wote uko sehemu moja."

Mzee aliegemea nyuma. Uso wake haukufanya lolote la kuandika. "Basi hayakuwa masizi," alisema. "Ilikuwa chokaa. Ilijengwa." Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya jiko, ambako sasa ni bustani ya mboga. "Wale wa ndoo ya nne."

Nilianza kusema kwamba nimeharibu ushahidi, kwamba hakuna atakayeamini maneno yangu, kwamba samahani haitoshi. Alinikatisha.

"Hakuna aliyewahi kulipima jiwe lile ila wewe. Wale wa chuo walilipokea limeshaisha. Mimi niliogopa tone moja. Wewe ukamwaga nusu chupa, ukapata jibu, ukaondoka nalo." Alikuwa akisema kwa utulivu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza siku ile aibu kunishinda. "Jiwe sikulilia sana, Mwalimu. Mawe yapo mteremkoni. Ni kwamba nimekaa hapa miaka kumi na minane nikijiuliza kitu ambacho mpangaji wangu alikijua."

"Sikujua kwamba nakijua."

"Hukuulizwa, kwa sababu hukusema."

Mama aliinuka kwenda kuweka sufuria motoni. Alipopita nyuma ya mumewe aliweka mkono begani mwake kidogo, akauondoa.

"Ungeniambia wiki ileile," Mzee aliendelea, "ningekutukana siku mbili, ya tatu ningekushukuru. Sasa siku zenyewe sina nyingi. Tuanze na ya tatu." Akanipa mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi. "Asante. Sasa niambie, povu lilidumu muda gani?"